Sogeeni, Wenye Maji

Asubuhi ya Jumanne Bi Mahmuda alifunua chungu cha mtindi akakuta maziwa. Hayakuwa mtindi mwepesi wala mtindi uliochelewa, bali maziwa matupu, yaleyale aliyoyamimina jana baada ya magharibi. Alichovya kidole akaonja. Hayakuwa yamechacha. Hayakuwa na kosa lolote ila moja tu, kwamba yalikataa kuganda.

Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kucheka. Kwake lilikuwa sawa na kuamka na kukuta mlango wa mbele umeng'olewa. Mtindi wa nyumba ile aliuacha mama mkwe wake: kila jioni kijiko cha mtindi wa leo kinatiwa kwenye maziwa ya vuguvugu, na kesho panakucha mtindi mpya. Kwa miaka arobaini na moja mbegu hiyo haikuwahi kufa, hata wiki ile ya mafuriko mto Musi ulipoingia mpaka jikoni na wao wakalala juu ya paa, chungu wakikilinda kama mtoto mchanga.

"Mtindi umekugomea, dada?" alicheka jirani yake Narsamma, aliyekuwa akitua mzigo wa majani mbele ya nyati wanne wa maziwa wa Bi Mahmuda. Narsamma alikata majani ukingoni mwa mto na kuwauzia wafugaji wa mtaa mzima. "Labda mkono wako umeshaanza kuzeeka."

"Mkono wangu uko palepale. Hayo majani yako umeyatoa wapi?"

"Musi, pale ulipokuwa unayakata mwenyewe kabla magoti hayajakutupa mkono." Kisha Narsamma akaacha kucheka. "Ila nikwambie kitu? Mvua hii vyura hawajalia. Sijasikia hata mmoja."

Bi Mahmuda alisikiliza. Ilikuwa kweli. Mvua za mwaka zilikuwa na wiki tatu tangu zianze, bwawa la nyati limejaa mpaka mdomoni, na pale chini palikuwa kimya.

Hakusema analolifikiria. Nyumba ile ilikuwa na majirani wengine, na Narsamma hakuwajua. Baba mkwe wake alipojenga pale aliwakuta wenyeji ndani ya maji, jamii ya majini na watoto wao, akapatana nao kwa lugha nyepesi: sisi hatumwagi maji ya moto wala machafu bila kutangaza, na nyinyi hamgusi maziwa yetu wala watoto wetu. Kwa hiyo kila alfajiri Bi Mahmuda, akishaosha madebe ya maziwa kwa maji yanayochemka, alisimama kwenye mfereji unaoteremka mtoni na kusema, kwa sauti ya upole kama anayemwamsha mgeni: "Bismillahi. Sogeeni, wenye maji. Namwaga." Alivuta pumzi tatu ili walio na watoto wawabebe, ndipo akamwaga. Mwanawe Mastan alijifunza maneno hayo akiwa na miaka mitano, pamoja na kofi la kumkumbusha siku aliyoyasahau.

Mastan sasa alikuwa mtu mzima na dereva wa boza, lori la tangi la maji. Alipeleka maji ya kunywa kwenye maghorofa ya upande wa pili wa mji wa Hyderabad, na mama yake hakuchoka kulisema hilo msikitini, dukani na kwa wageni. "Mwanangu anawanywesha watu maji." Alilisema mara nyingi hata Narsamma akawa anamtangulia kulimalizia.

Siku hiyohiyo ya Jumanne mjukuu wake Rafia, binti wa Mastan, mwenye miaka saba, alishuka bwawani kumtoa nyati mkaidi, akakanyaga chupa. Kidonda kilikuwa kidogo, urefu wa ukucha. Mama yake, Tahseen, alikiosha na kukifunga kitambaa, na mtoto akaendelea kuruka kwa mguu mmoja akijifanya korongo.

Kufika Ijumaa mguu ulikuwa umevimba hadi gotini. Vidonge vya zahanati havikufanya kitu. Sindano haikufanya kitu. Kwenye hospitali kubwa daktari kijana wa kike alikisoma cheti cha maabara mara mbili, kisha akawatazama kama watu wanaoficha jambo.

"Mtoto huyu amekuwa akinywa antibiotiki kwa muda gani?"

"Hajawahi kunywa hata kidonge kabla ya wiki hii," alisema Tahseen.

"Basi wadudu wa kidonda hiki wamezinywa wao, na wamezizoea zote. Imebaki dawa moja. Nayo sina uhakika." Akauliza wanakaa wapi. Walipomwambia, aliinamisha macho kwenye karatasi na kusema "Musi" polepole, kama anayetaja jina la mtu aliyewahi kumdhulumu. Vitanda vilikuwa vimejaa. Wakaambiwa wamlete kila asubuhi kwa sindano hiyo ya mwisho.

Ndipo harufu ilipoanza. Haikuwa harufu ya kidonda. Ilikuwa kali na kavu, kama ya kufungua chupa ya vidonge na kuingiza pua yote ndani, na ilikuja adhuhuri tu, jua likiwa limesimama utosini na mawingu yamefunguka kidogo. Siku ya pili ikaja na sauti. Madebe ya maziwa yalikuwa yamefungwa vifuniko, yamepangwa ukutani, na ndani ya mojawapo alikuwamo mtu anayekunywa. Alikunywa kidogo, akanyamaza, akanywa tena. Bi Mahmuda alifungua madebe yote na kuyakuta makavu.

Siku ya tatu Tahseen alikwenda dukani, na Bi Mahmuda akabaki na mtoto. Alikuwa ametoka kutoa salamu ya mwisho ya swala ya adhuhuri, shingo bado imegeukia bega la kushoto, alipoona unyayo wa maji sakafuni, mdogo kama wa mtoto anayeanza kutembea, na mbele yake mwingine, na mwingine, ukitoka mlangoni upande wa mfereji na kupita kando ya msala wake bila kuugusa, na kila unyayo ulikuwa na vidole vilivyoungana kama vya bata na katikati yake povu jeupe lililokuwa likichemka polepole juu ya saruji kavu, na alipouandama mstari huo kwa macho huku ulimi wake ukitafuta aya na kuikosa, aliona kwamba ulikwenda mpaka kitandani kwa Rafia na kwamba haukuwa na wa kurudi.

Mtoto alikuwa ameketi. Macho yalikuwa wazi na hayakuwa yake.

"Mahmuda," alisema, kwa sauti ya mwanamke mzima aliyelia mpaka akakauka. "Ulituambia tusogee. Tulisogea."

Bi Mahmuda alishika ukingo wa kitanda. "Sijawahi kumwaga bila kutangaza," alinong'ona. "Miaka arobaini na moja. Unanijua."

"Tuliambiwa pale kwenye kona, juu, penye mti uliolala. Bismillahi, sogeeni wenye maji, namwaga. Maneno ya nyumba hii. Tukabeba watoto tukateremka. Maji yakatufuata. Tukaambiwa tena, tukateremka tena, mpaka kwenye bwawa la nyati wako, kwa kuwa tulisema, kwa Mahmuda hatutadhurika. Yakatufuata mpaka hapo. Nilikuwa na watoto tisa."

"Na sasa?"

"Sasa sina hata mmoja. Nimekuja kukaa kwa wako."

Kisha Rafia akaanguka juu ya mto wake na kulala, mguu ukitoa joto kama tanuri.

Shehe Burhan aliitwa alasiri hiyohiyo. Alikuwa fundi wa kufuli karibu na msikiti, na alikuwa akisema kazi zake zote mbili ni moja, kumtoa aliyejifungia. Hakuleta ubani wala mbwembwe. Alisoma kimya, akaweka kiganja juu ya paji la mtoto, akakiondoa haraka, akakaa sakafuni.

"Huyu hakutumwa na mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mfiwa. Anasema aliitwa kwa maneno yenu. Nani mwingine anayajua?"

"Mimi," alisema Bi Mahmuda. "Na mwanangu."

Tahseen alianza kukunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Ammi," alisema, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyomwita wote nyumbani. "Hii harufu... nguo zake ndizo zinanuka hivi. Tangu mwaka jana. Nikizifua mikono inababuka."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa unajivuna naye sana. Nikaogopa."

Bi Mahmuda alitamani kukasirika na kumkaripia mkwewe, maana hasira ingekuwa nafuu. Kilichomkaa kifuani hakikuwa hasira bado.

Kesho yake mvua ilishuka tangu asubuhi, mvua nzito inayofuta hata nyumba ya jirani. Alijifunika gunia la plastiki akapanda ukingo, magoti yakilalamika kila hatua, mpaka kwenye kona ya mti uliolala. Boza lilikuwapo. Lilikuwa boza la mwanawe, la bluu, lenye maandishi MAJI NI UHAI aliyoyachora mchoraji wa mabango na ambayo yeye mwenyewe aliyachagua. Mpira mnene ulikuwa umezamishwa mtoni. Mastan alisimama kando ya koki, kitambaa puani, nywele zimemganda usoni.

Aliinua viganja. Akasema kwa upole uleule, kila neno mahali pake: "Bismillahi. Sogeeni, wenye maji. Namwaga." Akavuta pumzi tatu, akafungua koki.

Kilichotoka kilikuwa cha rangi ya chai iliyochacha, na mto ukakipokea kwa povu. Bi Mahmuda aliwahi kuzika mume na dada wawili. Hakuna kati ya siku hizo iliyomfanya ajione mjinga. Hii ilimfanya.

"Mastan."

Aligeuka. Alikuwa na sura ya mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari, na ndiyo iliyomuuma zaidi mama yake.

"Ammi, mvua hii, utaugua."

"Hayo ndiyo maji ya kunywa?"

"Ni masuuzo ya kiwanda cha dawa, basi. Wanaosha mapipa yao. Yalitakiwa kwenda kwenye mtambo wa kusafishia, lakini mtambo umejaa, na wao hupiga simu mvua ikianza, kwa sababu mvua inasaidia, inapunguza ukali." Aliongea haraka. "Nisipobeba mimi atabeba Jahangir, na Jahangir hasemi hata bismillahi. Mimi natangaza, Ammi. Kila mara. Sijawahi kusahau hata siku moja. Ulinifundisha wewe."

Mwanadamu akishapata maneno mazuri ya kuanzia jambo, atalifanya jambo lolote. Mastan hakuwa akisema uongo hapo. Aliamini kabisa kwamba aliyetangaza hana dhambi, na alikuwa ametangaza mwaka mzima.

"Uliwaambia wasogee," alisema mama yake. "Wakateremka kwetu. Na mwanao amekanyaga humo."

Mastan alikaa chini kwenye tope. Mpira uliendelea kumwaga mpaka tangi likaisha, kwa sababu hakuna kati yao aliyekumbuka kufunga koki.

Shehe Burhan alifanya kazi yake kesho yake mchana, mbele ya watu wanne tu. Mguu wa Rafia uliwekwa kwenye beseni la maji ya kisima. "Mimi siwezi kumwita," Shehe alimwambia Mastan. "Hanifahamu. Aliyempotosha ndiye amwongoze. Mwambie unampeleka wapi."

Boza lilikuwa limesuguliwa kwa majivu na sabuni siku nzima, likajazwa ndoo kumi za maji ya kisima. Mastan alipiga magoti mbele ya beseni.

"Nitakupeleka Gandipet," alisema. "Ziwa la juu kabisa, kabla mto haujaona kiwanda hata kimoja. Nitakushusha pale kwa mkono wangu. Wala sitamwaga tena."

"Apa," alisema yule mwanamke ndani ya mtoto.

Mastan aliweka kiganja juu ya utosi wa Rafia. "Naapa kwa kichwa cha mwanangu."

Maji ya beseni yalizunguka yenyewe, mara moja, yakawa meupe. Harufu ya vidonge ilijaa chumba hata wote wakafunga macho, na walipoyafungua Rafia alikuwa akilia kwa sauti yake mwenyewe, akitaka biskuti. Shehe alilibeba beseni kwa mikono miwili na kulimimina ndani ya tangi. Kifuniko kikafungwa. Boza liliondoka taratibu, na Bi Mahmuda alisimama barabarani hadi bluu yake ikapotea.

Usiku huo homa ilishuka. Asubuhi daktari alikibonyeza kidonda na kusema ile dawa ya mwisho imeshika, asifiwe Mungu, na Bi Mahmuda hakubishana naye kuhusu nani wa kusifiwa kwa lipi. Narsamma alimletea kijiko cha mtindi wa kwake, huku akilalamika kwamba sasa mtindi wa ukoo mkubwa utakuwa na damu ya wakata majani. Usiku huo maziwa yakaganda, mtindi mzito wa kukatika kwa kijiko. Bi Mahmuda alikula akilia. Alimsamehe mwanawe, au alianza. Alipomuuliza, "Ulimfikisha?" Mastan alisema, "Nilimfikisha, Ammi," akaomba chumvi.

Siku ya tisa tangu boza liondoke mvua kubwa ilirudi. Siku ya kumi chungu kilikuwa na maziwa.

Bi Mahmuda alikifunika tena. Alikwenda alikolala mwanawe, akanusa shati lililotundikwa msumarini, akamwamsha kwa kumgusa bega.

"Ulimshusha wapi?"

Mastan alikaa. Alitazama mlango, alitazama miguu yake.

"Simu ilipigwa njiani," alisema mwishowe. "Siku ileile. Sikuwa nimefika hata nusu. Mapipa yao yalikuwa yanafurika, mkubwa wao akasema nikikataa nisirudi tena. Nikasema nitachukua mzigo mmoja tu, kisha nitaendelea na safari. Tangi lilikuwa tupu, Ammi."

"Halikuwa tupu."

"Ndoo kumi za maji tu..."

"Halikuwa tupu, Mastan. Alikuwamo. Wewe ndiye uliyemwita aingie." Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Ulitangaza?"

Mastan alianza kulia. "Nilitangaza. Wallahi nilitangaza. Kabla hawajajaza nilipanda juu nikasema maneno yote. Jana mvua iliporudi nikaumwaga mzigo palepale kwenye kona."

"Ndani ya tangi lililofungwa. Asogee wapi?"

Bi Mahmuda alimtazama huyu mtu aliyemnyonyesha, akamwona ni mgeni ambaye amekuwa akila nyumbani kwake. Alitoka nje.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Mvua ilikuwa imekatika na nyati walikuwa wamesimama pamoja kwenye kona moja ya zizi, mikia imetulia, wakiutazama mfereji. Maji ya kuoshea madebe yalikuwa yakichemka. Mkono uliozoea ukayainua, miguu iliyozoea ikampeleka, na pale mferejini alifungua kinywa akakosa maneno, maana alipoyatafuta aliyasikia kwa sauti ya Mastan pale kwenye kona, chini ya mvua, yakiwa mazuri na sahihi na kila moja likiwa limeoza, na alisimama hivyo na birika likimwunguza vidole na harufu ya vidonge ikipanda kutoka kwenye mfereji, kutoka bwawani, kutoka mtoni kote hadi ng'ambo, mpaka alipotambua kwamba maji ya mfereji, yaliyoteremka mtoni miaka yote, yalikuwa yamesimama, na kwamba sasa yanarudi juu, polepole, na povu mbele.

Rafia alichechemea mpaka kizingitini, bendeji nyeupe mguuni, nywele hazijachanwa.

Ndani ya maji mtu alizungumza. Ilikuwa sauti ya Bi Mahmuda mwenyewe, ile ya upole ya kila alfajiri, haikukosea hata neno.

"Bismillahi. Sogeeni, wenye nyumba. Namwaga."

Kisha ikanyamaza, kwa kuwa jirani huyo wa majini alikuwa mwaminifu, naye angewapa pumzi tatu.

Bi Mahmuda alitupa birika akamkumbatia mtoto. Alitazama upande wa bwawa, upande wa barabara iliyojaa maji, upande wa nyumba ambamo Mastan alikuwa bado akilia. Pumzi ya kwanza ilikuwa imekwisha.

"Bibi," aliuliza Rafia sikioni mwake, "tusogee wapi?"

Bi Mahmuda alikuwa akivuta ya pili.